Taarifa ya Mwaka Yaandikiwa Nani?

Kila mwaka huja siku ambayo, katika kaunti za Kitui na Makueni kama katika kaunti nyingine za nchi hii, hema hupigwa uwanjani, viti vya plastiki hupangwa safu kwa safu, vipaza sauti hujaribiwa, na kiongozi wa eneo husimama kuwaeleza watu jinsi kaunti yao ilivyokua na kuendelea katika miezi kumi na miwili iliyopita. Huwapo ngoma na sala. Wageni hutambulishwa mmoja baada ya mwingine kwa vyeo vyao. Kisha kitabu chenye jalada la kung'aa hufunguliwa, na takwimu huanza kumiminika.

Miaka michache iliyopita nilihudhuria hafla moja ya namna hiyo. Sitautaja mji wala aliyehutubu, kwa kuwa nia yangu si kumwaibisha mtu, na tena niliyoyaona pale ningaliweza kuyaona kwingineko. Kando yangu aliketi mama mmoja mzee aliyekuwa ameondoka kwake alfajiri. Taarifa ilisomwa kwa Kiingereza kwa muda wa saa moja na zaidi. Watu walipiga makofi kila walipoona safu ya mbele ikipiga makofi, na mama yule naye akapiga. Hotuba ilipokwisha alinigeukia akaniuliza kwa Kikamba kama silanga la kijijini kwao lilikuwa limetajwa. Silanga, kwa faida ya msomaji asiyekuwa wa Ukambani, ni bwawa la udongo linalokinga maji ya mvua, na kwa watu wengi wa huku ndilo tofauti baina ya kubaki nyumbani na kuhama na mifugo.

Nilikuwa nimepewa nakala ya kitabu kile. Nikakitafuta mlango wa maji. Palikuwa na jumla ya mabwawa yaliyoboreshwa, jumla ya fedha zilizotumika na jumla ya watu walionufaika. Jina la silanga lake halikuwamo, wala la silanga lolote lile. Nikamwambia, "Mwaitu, humu hawakuandika majina." Akaitikia kwa kichwa, akajifunga leso yake, akaenda kutafuta usafiri wa kumrudisha kwao.

Mimi ni mwalimu wa isimu. Kazi yangu ni kuwafundisha vijana wa chuo kikuu namna lugha inavyofanya kazi, na aghalabu watu hudhani kuwa kazi hiyo haina uhusiano na visima wala zahanati. Lakini siku ile nilirudi nyumbani na swali ambalo halijaniacha hadi leo, nalo ni hili: taarifa ya mwaka huandikiwa nani?

Sheria iko wazi. Kifungu cha 30 cha Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012 kinamtaka gavana awasilishe mbele ya bunge la kaunti, kila mwaka, taarifa kuhusu utekelezaji wa sera na mipango ya kaunti. Kifungu hicho hicho kinamtaka atoe hotuba ya kila mwaka kuhusu hali ya kaunti. Kabla ya hapo, hadi uchaguzi wa Machi 2013, miji yetu ilikuwa chini ya mabaraza ya serikali za mitaa. Kitui ilikuwa manispaa yenye meya wake, na Wote lilikuwa baraza la mji lenye mwenyekiti. Nao pia walikuwa na siku zao za kusimama na kueleza jinsi mji ulivyopanuka, taa zilizowekwa na ushuru uliokusanywa sokoni. Mavazi ya cheo yamebadilika, ila hotuba ni jamaa moja.

Na ukitaka kuujua ukoo wa jamaa hiyo, huna budi kurudi nyuma zaidi. Nilipokuwa mwanafunzi wa shahada ya uzamifu nilipitisha majuma mengi katika Nyumba ya Nyaraka za Taifa jijini Nairobi, nikisoma taarifa za mwaka za Wakuu wa Wilaya wa enzi ya ukoloni. Nilikuwa nikitafuta namna majina ya mahali yalivyoandikwa. Nilichokumbana nacho ni aina ya maandishi yenye mpangilio usiobadilika: mvua, mavuno, mifugo, kodi, kesi, barabara, mwenendo wa machifu. Mwandishi alikuwa akimwandikia mkubwa wake, na mkubwa huyo alikuwa akimwandikia mkubwa wake aliye London. Mkamba alikuwamo ndani ya taarifa kama vile ng'ombe alivyokuwamo: alihesabiwa, akaelezwa, akalaumiwa kwa uvivu au kusifiwa kwa utiifu. Hakuna aliyefikiri kwamba angeisoma.

Matokeo yake tunayajua. Mwaka 1937 afisa wa serikali aliyehusika na hifadhi ya udongo, Colin Maher, aliandika taarifa kuhusu hali ya nchi ya Wakamba wa Machakos, akatabiri kwamba wenyeji walikuwa wakielekea kwenye ufukara na ardhi yao ikielekea kuwa jangwa la mawe na mchanga. Serikali iliona kuwa dawa ni kupunguza mifugo, na mwaka 1938 ng'ombe wakaanza kuchukuliwa kwa nguvu. Wenye ng'ombe hawakuwa wameulizwa, wala hakuna aliyekuwa amewasomea taarifa iliyowahukumu. Ndipo mamia kwa mamia ya Wakamba, wanaume kwa wanawake, walipokwenda Nairobi, wakapiga kambi huko na kudai kuonana na gavana. Kiongozi wao, Muindi Mbingu, alikamatwa na kupelekwa Lamu uhamishoni, lakini serikali ililazimika kuiacha sera ile ya kunyang'anya mifugo.

Miaka 57 baada ya taarifa ya Maher, yaani mwaka 1994, watafiti Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walitoa kitabu kuhusu wilaya hiyo hiyo ya Machakos, ambayo katika miaka waliyoichunguza ilikuwa bado pamoja na Makueni. Walionyesha kwamba watu walikuwa wameongezeka zaidi ya mara tano tangu miaka ya 1930, na hata hivyo mmomonyoko wa udongo ulikuwa umepungua. Wataalamu wengine wameyapinga baadhi ya maelezo yao, lakini matuta yaliyochongwa kwenye vilima vya Mbooni na Kilungu hayahitaji mtaalamu ili yaonekane. Mengi yalichimbwa kwa mwethya, yaani vikundi vya jirani kusaidiana kazi, na wengi wa wachimbaji walikuwa akina mama. Taarifa ya mwaka 1937 haikuweza kuliona jambo hilo likija, kwa sababu mwandishi wake alikuwa akiitazama ardhi na kumwelekea mkubwa wake. Hakumuuliza mwenye jembe anakusudia kufanya nini.

Nimeisimulia historia hii kwa sababu naamini kwamba tulipoirithi ofisi tulirithi na mtindo wake wa kuandika. Gavana wa leo huchaguliwa kwa kura. Lakini taarifa yake bado inaelekea juu: kwa wafadhili, kwa Hazina ya Taifa, kwa Seneti, kwa wageni wa safu ya mbele. Lugha yenyewe yatuonyesha hivyo.

Hebu, msomaji, tuitazame lugha hiyo kwa makini. Nimezisoma taarifa za kaunti kadhaa kwa miaka kadhaa, na nimeona jambo moja ambalo mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa isimu angeliona bila shida. Mafanikio huandikwa kwa kauli ya kutenda. "Serikali yangu imejenga zahanati." Mtendaji yupo, tena yuko mwanzoni mwa sentensi. Lakini zahanati ile ikiwa haina muuguzi wala dawa, sarufi hubadilika ghafla: "zahanati haijafunguliwa." Nani hajaifungua? Kauli ya kutendwa imemficha. Na mambo yakiwa mabaya zaidi, hata kutendwa huachwa: "mradi umekwama", "fedha zimechelewa." Sasa hakuna mtu kabisa. Mradi umekwama wenyewe kama gari lililoingia matopeni, na fedha zimechelewa kana kwamba zina miguu na zilipitia kwa jamaa njiani. Iwe kwa Kiingereza au kwa Kiswahili, hila ni ile ile: sifa ina mwenyewe, lawama ni yatima.

Pili kuna wakati. Taarifa zetu hupenda sana kusema "ujenzi unaendelea". Nimeona mradi mmoja ambao ujenzi wake "unaendelea" katika vitabu vitatu vya miaka mitatu iliyofuatana. Kitenzi hicho si cha uongo, lakini si cha taarifa ya mwaka. Taarifa ya mwaka yatakiwa itueleze ujenzi ulianza lini, uliahidiwa kukamilika lini, na ni nini kilichotendeka baina ya siku hizo mbili.

Tatu kuna asilimia. Twaambiwa kisima kimekamilika kwa asilimia 80. Mhandisi huenda akaelewa: shimo limechimbwa, mabomba yamelazwa, imebaki pampu. Lakini kwa mama anayefunga mitungi juu ya punda, kisima cha asilimia 80 hakitoi asilimia 80 ya maji. Hakitoi hata tone. Huko nyanda za chini za Kitui, kuelekea Mutha na Ikutha, na katika sehemu kame za Makueni, kama Kathonzweni na Mtito Andei, kipimo cha maendeleo ya maji kinajulikana na kila mtu: ni kilomita anazotembea mtu kwenda na kurudi, na bei ya mtungi wa lita 20 mwezi wa Septemba. Sijapata kukiona kipimo hicho kikiwekwa mwanzoni mwa taarifa yoyote.

Wakamba wenyewe wana taarifa zao za mwaka, za kale kuliko za gavana yeyote, nazo ni majina waliyozipa njaa zao. Njaa kubwa ya mwishoni mwa karne ya 19 iliitwa Ngomanisye, kwa kuwa ilienea kote bila kubagua. Mwaka 1961, mafuriko yalipofuata ukame na chakula kikadondoshwa kutoka angani, watu waliita njaa ya Ndeke, yaani ndege. Na mapema katika miaka ya 1980 ikaja ile iliyoitwa Nikw'a Ngwete. Maana yake kwa Kiswahili ni "nakufa huku nimeshika", yaani fedha ninazo mkononi na chakula cha kununua hakuna.

Lichunguze jina hilo la mwisho. Lina maneno mawili tu, lakini ndani yake mna mhusika, naye anazungumza kwa nafsi ya kwanza: mimi nakufa. Mna hali yenyewe, na mna sababu, kwamba tatizo halikuwa ukosefu wa fedha bali soko tupu. Mwanauchumi angehitaji sura nzima kuyaeleza hayo. Na kwa kuwa limeandikwa katika lugha ya walioteseka, halijasahaulika. Je, ni nani awezaye kukariri sentensi moja ya taarifa ya kaunti ya mwaka juzi? Ukame uliotupiga kuanzia mwishoni mwa mwaka 2020, mvua zikakosekana msimu baada ya msimu, umo katika vitabu vya serikali kwa tarakimu nyingi. Lakini mtu wa Mutomo akitaka kujua kaunti yake iliahidi nini wakati ule na ikatimiza nini, itambidi atafute mkalimani.

Sitaki nieleweke kwamba hakuna kilichofanyika. Mgala muue na haki yake mpe. Aliyeifahamu Wote kabla ya mwaka 1992, wilaya ya Makueni ilipomegwa kutoka Machakos, aliujua kama mji mdogo wa soko, na leo haitambui. Chini ya gavana wa kwanza, Profesa Kivutha Kibwana, aliyeongoza kutoka mwaka 2013 hadi 2022, Makueni ilianzisha mpango wa afya ambao kaya ililipa shilingi 500 kwa mwaka ikatibiwa katika hospitali za kaunti, na ilijenga kiwanda cha kusindika maembe huko Kalamba. Kitui nako, chini ya Dakta Julius Malombe, kisha Bi. Charity Ngilu kuanzia mwaka 2017, kisha Dakta Malombe tena tangu mwaka 2022, hospitali zimepanuliwa, na kiwanda cha nguo cha kaunti kilianzishwa pale Syongila. Haya ni mambo ya kuhesabika.

Isitoshe, Makueni imetuonyesha kwamba wananchi wakiulizwa hujibu. Katika enzi ya Kibwana uliwekwa utaratibu wa mikutano iliyoanzia vijijini, ikapanda hadi wadi na hatimaye kaunti, watu wakichagua miradi waitakayo. Kamati za wananchi zilisimamia miradi hiyo, na mkandarasi hakulipwa mpaka kamati iidhinishe kazi yake. Uhusiano baina ya gavana na bunge la kaunti ulipoharibika kwa ugomvi wa fedha, hata risasi zikafyatuliwa katika majengo ya bunge hilo Septemba 2014, tume iliyoongozwa na wakili Mohammed Nyaoga iliundwa kuchunguza, nayo ikapendekeza kaunti ivunjwe. Mwaka 2015 Rais Uhuru Kenyatta alilikataa pendekezo hilo. Wakulima na wachuuzi walikuwa wameyafuatilia mambo ya bajeti, jambo ambalo huambiwa kwamba ni gumu mno kwao, na walikuwa na maoni yao kuhusu nani aliyekosea.

Basi, ikiwa mwananchi aweza kuchagua mradi na kumkagua mkandarasi, yawaje asiweze kusomewa taarifa ya mwisho wa mwaka kwa lugha aijuayo? Huko ni kumwalika mtu kupanda na kupalilia, kisha kumfungia mlango siku ya kupima mavuno.

Najua majibu nitakayopewa. La kwanza ni kwamba Kiswahili hakina istilahi za fedha na mipango. Hili ni jambo ambalo mtu wa fani yangu hawezi kulisikia akanyamaza. Katika nchi jirani ya Tanzania, Waziri wa Fedha husoma bajeti ya taifa zima kwa Kiswahili bungeni Dodoma kila mwaka, tena huisoma kuanzia mapato na matumizi hadi deni la taifa, na sijasikia kwamba hesabu zake hukosa maneno. Hapa kwetu Mzee Jomo Kenyatta aliagiza Kiswahili kitumike bungeni mwaka 1974, na kimekuwa kikitumika humo tangu wakati huo sambamba na Kiingereza. Mapato, matumizi, salio, deni, zabuni, mkandarasi, ukaguzi: maneno haya yote yamo midomoni mwa watu sokoni Kitui na Wote. Lililokosekana ni nia.

Jibu la pili ni kwamba watu wa huku huzungumza Kikamba, basi Kiswahili nacho kitawasaidia nini? Hoja hii ina ukweli ndani yake, na ndiyo maana nasema lugha zote mbili zitumike. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 7, yatamka kwamba Kiswahili ni lugha ya taifa na pia ni lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Kifungu hicho chaitaka dola, tena bila kusitasita, ikuze lugha za kienyeji. Lakini tusisahau kwamba kaunti hizi si za kabila moja tu. Kaskazini mwa Kitui wako Watharaka. Katika miji iliyo kando ya barabara ya Mombasa, kama Emali, Makindu, Kibwezi na Mtito Andei, kuna watu wa kila asili wanaolipa ushuru wa soko. Kwa hiyo maandishi yawe kwa Kiswahili, na maelezo yatolewe kwa Kikamba redioni, ambako Musyi FM na Mbaitu FM zimekwisha kuthibitisha kwamba hakuna jambo lisiloweza kuelezwa kwa lugha ya mama.

Jibu la tatu ni gharama. Sitalijibu kwa urefu. Anayeweza kulipia jalada la kung'aa, picha za rangi na hema la wageni aweza kumlipa mfasiri.

Yako basi mambo ambayo ningependa kuyaona katika taarifa zijazo za kaunti hizi mbili, na hayahitaji sheria mpya. Kwanza, taarifa ianze na ahadi za mwaka uliotangulia, moja baada ya nyingine, na kando ya kila ahadi iandikwe kama ilitimizwa au la. Kaunti hutakiwa kuwa na mpango wa maendeleo wa kila mwaka, kwa hiyo ahadi zimekwisha kuandikwa. Kinachotakiwa ni kuziweka mbele ya macho ya watu.

Pili, miradi iandikwe kwa majina ya mahali. Kitui ina wadi 40 na Makueni ina wadi 30. Kila wadi ipewe karasa zake, na kila silanga, kisima, zahanati na barabara itajwe kwa jina ambalo wenyeji huliita, pamoja na gharama yake, mkandarasi wake, tarehe ya kuanza, na kama kinafanya kazi leo au hakifanyi. Karatasi hizo zibandikwe kwenye ukuta wa ofisi ya wadi na penye mti wa mkutano. Jumla kuu zina kazi yake, lakini jumla haina mwenyewe. Jina la mahali lina watu watakaosimama na kusema, "Hapo ndipo kwetu, na hilo mlilolisema si kweli."

Tatu, kila kazi ihesabiwe kwa aliyeifanya. Barabara ya lami ya kutoka Kibwezi kupitia Mutomo hadi Kitui ni ya serikali ya taifa. Bwawa la Thwake, ambalo ujenzi wake ulianza mwaka 2018, vilevile ni mradi wa taifa, kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika. Mabwawa mengi ya mchanga katika mito yetu ya msimu yalijengwa na vikundi vya wananchi na mashirika, mengine kabla kaunti hazijakuwapo. Gavana ana haki ya kuyafurahia, ila asiyahesabu kuwa mavuno yake. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza.

Nne, mambo yaliyoshindikana yaandikwe kwa kauli ya kutenda. "Tulichelewa kumlipa mkandarasi." "Tulichagua mahali pabaya pa kuchimba." Kiongozi atakayeandika sentensi kama hizo hatadharauliwa Ukambani. Watu wa nchi kame wanajua kwamba mtu hupanda na mvua isinyeshe, na hawamlaumu aliyepanda. Humlaumu asemaye ghala limejaa ilhali wote wanaliona ni tupu.

Tano, siku ya kusoma taarifa iwe pia siku ya kuulizwa maswali. Sheria ya Miji na Majiji ya mwaka 2011 imewapa wakazi wa miji mabaraza yao, na katika barza hizo bodi za manispaa zapasa kujibu. Taarifa ya Mkaguzi Mkuu wa Hesabu kuhusu kaunti iwekwe mezani pamoja na taarifa ya gavana, ili anayesikia wimbo asikie na kiitikio.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Serikali za kaunti zina madaftari mengi, tena manene. Lakini daftari ambalo mwenye mali hawezi kulisoma halimlindii mali yake. Mali inayozungumziwa hapa ni ushuru wa mchuuzi wa ndengu, ada ya maegesho ya bodaboda, na mgao wa kodi anayolipa kila mnunuzi wa sukari na sabuni. Yule mama aliyeketi kando yangu alikuwa amechangia hema lile, vipaza sauti vile na kitabu kile. Alikuwa na haki ya kurudi kwao akijua habari ya silanga lake, iwe njema au mbaya.

Magavana wa Kitui na Makueni wana muda wa kuandaa taarifa zao zijazo. Nawasihi, kabla ya kuzipeleka kwa mpiga chapa, wazipeleke kwanza kijijini kwa mama mmoja wa umri ule, zisomwe kwa sauti, na waandishi wao wakae kimya wasikilize atakayouliza.